Machicha ya Mwavi

Nimeua vyura wengi kuliko samaki niliowahi kula, na sijutii hata chura mmoja. Nasema mapema ili anayetafuta habari za mtu mwenye huruma akatafute kwingine. Kazi yangu ilikuwa kupika magome ya miti, pale Nachingwea, miaka ile mashamba makubwa ya karanga yalipokwisha kushindwa. Wazungu wengi waliondoka wakaacha matrekta yakishika kutu na nyumba za mabati tupu. Katika nyumba moja akabaki mzungu mmoja mrefu, mwenye kikohozi, ambaye karanga hakuzijali hata kidogo. Yeye alitaka miti inayoua.

Watu walimwita mzungu wa magome, na mimi wakaniita mpishi wake. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, nimeng'oa visiki kwenye yale mashamba mpaka mgongo ukakataa. Siku aliyoniajiri aliniuliza swali moja tu: mti gani huku kwenu mnauogopa? Nikamjibu, mwavi. Akatabasamu, akaniambia niingie ndani.

Mwavi kwetu haukuhitaji maelezo, lakini ninyi wa siku hizi hamjui kitu, kwa hiyo nitaeleza. Ni mti mkubwa wenye gome zito, ndani jekundu. Zamani mtu akishtakiwa uchawi alinyweshwa maji ya gome hilo. Akitapika, ametakasika, wanawake wanapiga vigelegele na aliyemsingizia anaona aibu. Asipotapika, watu wanasema mwavi umekaa, na huyo ni mchawi. Mara nyingi hapakuwa na haja ya kumhukumu, maana alianguka pale pale. Serikali ilipiga marufuku. Lakini kupigwa marufuku ni jambo moja na kukoma ni jambo lingine, na sisi tulikuwa mbali na barabara.

Sasa kupika kwenyewe. Gome lilianikwa kivulini, kamwe si juani, kisha nikalitwanga kwenye kinu nikiwa nimejifunga kitambaa puani, maana vumbi la mwavi likikuingia utapiga chafya mpaka utoke machozi. Unga nikauchekecha, nikaulowesha kwa maji ya chokaa, halafu nikaumwagia spiriti ndani ya mtungi wa kioo. Unakaa siku kadhaa. Spiriti inatoka imekuwa rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Unaipasha polepole juu ya maji ya moto mpaka ibaki rojo, rojo unaikoroga katika maji yenye asidi kidogo, unachuja, kisha unatia magadi. Hapo ndipo maji maangavu yanapogeuka meupe kama maji ya kuoshea mchele, na kile cheupe kinachotuama chini ndicho mzungu alichokitaka. Alikiita alkaloidi. Mimi nilikiita uchungu, maana kila chenye kitu hicho kilikuwa kichungu. Nililamba kidogo siku moja mzungu alipotoka, na ulimi wangu ulikufa ganzi hadi adhuhuri.

Unga uliobaki, uliokamuliwa mara tatu mpaka hauna kitu, niliuita machicha, kama ya nazi. Hatukuutupa kabla ya kuupima. Unachukua kidogo, unaulowesha kwa asidi, unadondosha tone moja la dawa ya majaribio. Ukiona ukungu, bado mna uchungu. Maji yakibaki maangavu, hayo ni machicha kweli, hata mtoto anaweza kuyala.

Kisha vyura. Chura anachomwa sindano kwenye uti, anapigiliwa pini juu ya ubao laini, kifua kinafunguliwa na moyo unafungwa uzi. Uzi unavuta kijiti chembamba, na kijiti kinakwaruza karatasi iliyopakwa masizi, inayozunguka kwenye pipa dogo linaloendeshwa na mashine ya saa. Hivyo moyo wa chura uliandika wenyewe, kilima na bonde, kilima na bonde. Ukidondosha mwavi, vilima vinapanda juu na kuachana, halafu moyo unajikunja na haufunguki tena. Mwanzoni nilitema mate. Baada ya mwezi nilikuwa nakula muhogo wa kuchoma mkono mmoja huku wa pili umeshika koleo. Katika daftari tuliandika maneno mawili tu: amekufa, au hajafa. Daftari lile liliniharibu akili, nami sikujua.

Mzungu alisema anatafuta dawa ya moyo, kwamba sumu na dawa ni kitu kimoja na tofauti ni kipimo. Siku moja nilimweleza habari za watu kutapika na kupona. Alifurahi sana. Akasema hakuna uchawi pale. Mwenye dhamiri safi hunywa yote kwa pupa, tumbo linashtuka na kuitupa nje. Mwenye hofu hunywa funda kwa funda, tumbo halishtuki, na uchungu unapenya taratibu hadi moyoni. Akaongeza kuwa si kila mara, kwa sababu mti na mti hailingani, gome la kiangazi ni kali kuliko la masika, na lililo dhaifu huweza kukaa tumboni bila kulishtua. Nilitoka pale nikijiona nimeelimika kuliko ukoo wangu wote. Waliosema akili nyingi huondoa maarifa walinitazama mimi.

Mama yangu alikuwa akiishi Likunja, mjane, katika uwanja wa mjomba, kaka yake wa tumbo moja. Kwetu mjomba ndiye mwenye watu. Baba ni mgeni aliyekuja kuoa. Mjomba alikuwa mtu wa sala tano, mkulima hodari wa ufuta, na alikuwa amezika watoto watatu ndani ya mwaka mmoja. Surua ilipita vijiji vyote, lakini mjomba hakutaka surua. Alitaka mtu. Na kila mtoto alipougua, mama ndiye aliyempikia uji.

Alikuja mwenyewe Nachingwea kwa miguu, akanikuta nyuma ya nyumba ya mabati nikiosha mitungi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mama yako atakunywa mwavi Ijumaa ijayo, asubuhi.”

Alilisema kama mtu anayetaja siku ya kuvuna. Nikamuuliza kwa nini asiapishwe kwa msahafu, mama mwenyewe ameshakubali. Akajibu, “Msahafu una Mungu mwenye kusamehe. Mwavi hausamehe.” Nikamkumbusha kuwa tangu serikali ikataze wengine humnywesha kuku kwa niaba ya mtu. Akacheka kwa pua. “Nilimwambia. Amekataa. Amesema yeye si kuku.”

Hapo nilimchukia mama kidogo. Nasema kweli. Kuku mmoja tu, akatae kwa kiburi.

Halafu mjomba akataja lililomleta. Katika ukoo wetu gome haliletwi na anayeshtaki, lisije likasemwa limetiwa kitu. Huletwa na damu ya anayeshtakiwa. “Na wewe ndiye unayeshinda nalo,” akasema, akiutazama mtungi. “Lete unga uliotwangwa tayari. Fundi wa mwavi atatoka ng'ambo ya Ruvuma, yeye atauchanganya.” Akanywa maji, akaondoka. Hakukubali hata kukaa.

Siku nne zilibaki. Nilikuwa na gome la miti miwili ghalani: mmoja wa Nachingwea, dhaifu, na mmoja wa Mandawa uliosimamisha moyo wa chura kabla sijageuza shingo. Nilifikiri kumpa mama ule dhaifu. Nikakumbuka maneno ya mzungu, kuwa ule dhaifu ndio unaokaa tumboni. Nikafikiri kumpa mkali. Nikaona moyo ule uliojikunja juu ya ubao, nikaona ni wa mama. Sikulala vizuri na sikula. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikamtukana.

Basi nikachukua gome la Mandawa nikalikamua. Mara tatu kwa spiriti niliyoipasha moto, maana siku za kuloweka sikuwa nazo, mara ya nne, mara ya tano, mzungu akidhani namfanyia kazi yake. Nikapima. Tone likaanguka, maji yakabaki maangavu. Nikapima tena. Maangavu. Sikuwahi kufanya kazi safi kama ile. Nikayaanika machicha, yakarudi kuwa unga mwekundu usio na tofauti na mwavi wowote. Ili ulimi usiulize, nikasaga majani ya mwarobaini nikachanganya. Ili pua isiulize, nikatia tumbaku ya kunusa. Nikafunga kwenye kitambaa cheupe, nikapanda baiskeli kwenda Ruangwa na kutoka Ruangwa nikaenda Likunja, nikipiga mluzi njiani kama bwana harusi.

Mama sikumwambia. Ningemwambia angekataa kuunywa, ninamjua. Nilifika Alhamisi jioni, akanipikia ugali na kisamvu, akauliza hali ya mke wangu. Kisha akasema, “Mwanangu, umeleta mzuri?” Nikajibu nimeleta wa Mandawa. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. “Wa Mandawa hauna utani,” akasema. “Nitatapika mpaka kaka yangu alie.”

Asubuhi jua halijapanda watu walikuwa wamejaa uwanjani. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyesema wiki nzima kuwa jambo hili ni haramu, siku hiyo aliumwa tumbo akabaki ndani kwake. Fundi wa mwavi alikuwa mzee mfupi, mwenye koti la mzungu lililokosa vifungo. Alifungua kitambaa changu, akanusa, akapiga chafya mara tatu. Watu wakanong'ona. Akagusa unga kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, akanitazama. “Huu umekauka vizuri,” akasema. Nikajisikia fahari, Mungu anisamehe. Mpumbavu mkubwa mimi, nikasifiwa kwa machicha.

Alikoroga kibuyu kizima. Palikuwa pamechimbwa kishimo mbele ya mkeka, cha kutapikia. Shangazi yangu, dada yake baba aliyeolewa pale kijijini, na binti zake walikaa upande mmoja, midomo tayari kwa vigelegele, kwa maana watu wengi pale walimpenda mama na walikuja kumwona akishinda. Mama alikuwa amevaa kaniki mpya. Akasema, “Kama nimekula watoto wa kaka yangu, mwavi kaa. Kama sikula, mwavi toka.” Akanywa. Hakunywa funda kwa funda. Aliinua kibuyu akakimaliza kwa pumzi moja, kama mtu aliyetoka kulima na kiu. Akapiga magoti juu ya kile kishimo, mikono mapajani, mdomo wazi.

Tukasubiri.

Mimi nilikuwa nahesabu kama nilivyohesabu vyura. Robo saa, hajafa. Nusu saa, hajafa. Moyo wangu ulikuwa mweupe kwa furaha. Jua lilipogusa paa la jiko ndipo nilipoona kuwa hakuna mwingine anayehesabu kama mimi. Wao hawakungoja afe au asife. Walingoja atapike.

Nitaambiwa nilikuwa sijui. Nilijua. Nilijua tangu nikiwa nacheza na watoto wenzangu, tukinyweshana maji ya matope na kutapika kwa mchezo. Ila miaka mitatu ya daftari lile, amekufa, hajafa, ilinifuta. Niliondoa uchungu wote, na kutapika kulikuwa ndani ya uchungu.

Mama alicheua. Ilitoka pumzi tu, yenye harufu ya mwarobaini. Shangazi alianza kigelegele akakikata katikati. Mama akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na hakuna kilichotoka. Vidole hakutia mdomoni. Mtu safi hatii vidole. Aligeuka akanitazama mimi, kama unavyomtazama mtu wa hospitali akusomee cheti. Nikaangalia baiskeli yangu.

Kwa nini sikusema? Kila siku najibu hilo. Ningesema, wangekwenda Mandawa wakabandua gome jingine, na lile lingekuwa na kila kitu ndani. Hiyo ni sababu nzuri, na ndiyo niliyojipa. Nyingine ni kwamba niliogopa watu wale, na niliogopa polisi, na niliona aibu. Chagueni.

Fundi akasema, “Umekaa.” Mjomba hakupiga kelele. Alilia kweli, akilia watoto wake watatu, akisema, “Dada, dada.” Hakufa, basi ni mchawi mkubwa, wakasema, aliyezoea sumu. Walimnyoa nywele siku ile ile. Walibomoa paa la nyumba yake. Shangazi, aliyekuwa tayari kupiga vigelegele, ndiye aliyebeba vyungu vya mama na kuvivunja njiani kimoja kimoja. Nilimpakia mama kwenye baiskeli, hakunishika kiuno, akashika chuma cha kiti, nikampeleka Matambarale ambako baba alikuwa na ndugu wa mbali waliokubali ajenge pembeni ya shamba.

Niliporudi Nachingwea nilimweleza mzungu yote. Nilitaka anikemee, au anipige. Alinisikiliza akikohoa, kisha akauliza unga ulikuwa gramu ngapi na maji kiasi gani. Nikamtajia. Akachukua daftari akaandika, akanisomea: machicha, binadamu mmoja, mwanamke, hakuna athari.

Nilimtembelea mama kila mwezi na chumvi na sukari. Mwaka uliofuata mjomba alipata mtoto, mtoto akaishi, na hilo likawa ushahidi kwa kila mtu. Likawa ushahidi hata kwa mama. Ndipo nilipoona kazi yangu ilivyofika mbali. Alianza kukataa kushika watoto wa jirani. Alinawa mikono kabla ya kula, baada ya kula, na bila kula. Siku moja, akichambua mbaazi, akaniuliza bila kuinua macho, “Mwanangu, mtu anaweza kula watoto usingizini asijue?”

Nikamwambia hapana. Akasema, “Lakini mwavi ulikaa. Mimi mwenyewe niliusikia ukikaa.”

Miaka mitatu nilisikiliza maneno hayo nikinyamaza. Mwishowe sikuweza. Nilimweleza asubuhi moja, mlangoni kwake, kila kitu: spiriti, mara tano, maji yaliyobaki maangavu, mwarobaini, tumbaku. Nilimwambia hakunywa mwavi. Alikunywa machicha. Hata angekuwa nani yasingetoka. Nilitegemea alie kwa furaha. Nilikuwa nimemrudishia jina lake safi mkononi.

Aliacha kupepeta. Aliweka ungo chini, polepole, asimwage mtama.

“Kwa nini uliukamua?”

“Nisikuue, mama.”

“Nani alikwambia ungeniua?”

Nikaanza habari za vyura, na mti dhaifu na mti mkali, na maneno ya mzungu ya pupa na funda kwa funda. Akaninyamazisha kwa kiganja. “Huyo mzungu wako alisemaje? Anayekunywa kwa pupa, mwenye moyo safi?”

“Hutapika.”

“Na sisi tunasemaje?”

“Hutapika.”

“Mimi nilikunywaje?”

Alikuwa ameinua kibuyu akakimaliza kwa pumzi moja, wote tuliona.

“Basi wazungu wanasema ningetapika, na wazee wanasema ningetapika,” akasema. “Wewe peke yako ndiye uliyeona nitakufa. Kumbe na wewe.”

Nilikana. Nilisema ilikuwa kipimo, ilikuwa dawa, si uchawi. Nilisema maneno mengi ya Nachingwea. Lakini katika zile siku nne, katikati ya mtungi wa pili na wa tatu, niliwahi kufikiria ule uji. Mara moja tu. Watoto watatu, na uji ulikuwa wa mkono mmoja. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, na mama alilisoma usoni mwangu kama karatasi ya masizi.

“Mjomba wako alinishuku mchana, mbele ya watu,” akasema, “akanipa na nafasi ya kujibu. Wewe ulinishuku jikoni.”

Kisha akainuka akanipikia, maana nilikuwa nimetoka mbali. Siku zote tulikula sahani moja, mimi na yeye, tangu nilipoacha ziwa. Siku hiyo alinitengea yangu peke yangu, ile ya bati nyeupe aliyowawekea wageni, akaifunika kawa, akaniwekea na maji ya kunawa pembeni. Aliishi miaka tisa zaidi. Nilikula katika sahani ile kila nilipokwenda.